Amani ya Siku Kumi

Walipomaliza kuwanyunyizia dawa wale dagaa, Gasper ndiye aliyesema, "Haya, sasa pita."

Alphonce hakupita. Alisimama pale kwenye kizuizi, gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa mawili, pale njia ya kitongojini inapochepuka kutoka barabara ya Kasulu, akaangalia gunia lake lililomwagwa juu ya turubai. Debe tatu za dagaa. Alikuwa amewafuata mwaloni Katonga tangu alfajiri, akawachagua mwenyewe, wakavu, hawana mchanga, na bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu Burundi walikuwa wamefunga mpaka na wanunuzi wa ng'ambo hawaji tena. Mama yake angewauza kwa kikombe wiki nzima. Sasa walikuwa wamelowa klorini, wananuka kama choo cha zahanati.

"Hawa atakula nani?" aliuliza.

"Kula wewe," Gasper alisema. "Umetoka Katonga, na huko mitumbwi ya Warundi inashusha watu kila siku bila kupimwa. Sisi tunalinda watu hapa."

"Watu gani? Mimi si mtu?"

"We si unajijua," alidakia mwingine, na vijana wa ulinzi wakacheka. Gasper naye akacheka kwa kuwa wenzake wamecheka.

Alphonce na Gasper walikuwa wamecheza timu moja tangu darasa la tatu, huyu namba nne, yule namba tano. Pengine ndiyo sababu kicheko kile kilimkera kuliko hata dawa. Alimsukuma Gasper kifuani. Gasper alikuwa ameshika rungu alilopewa wiki mbili tu kabla, kizuizi kilipowekwa kwa ajili ya korona, na tangu apewe hajawahi kulitumia. Alilitumia siku ile. Mfupa wa mkono wa kushoto wa Alphonce ulivunjika chini kidogo ya kiwiko, na kila aliyekuwa pale aliusikia.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na ishirini.

Spesiosa, mama yake Alphonce, alipoletewa habari alikuwa anakamua mawese. Hakupiga yowe. Aliosha mikono, akajifunga kanga, akaenda na mwanawe zahanati, na njia nzima alikuwa anawaza jambo moja: nani mwingine ameshasikia.

Wengi walikuwa wameshasikia. Waliporudi, Alphonce na plasta yake, walikuta vijana saba wamekaa nyuma ya nyumba. Wote walikuwa watoto wa familia zilizotoka Burundi miaka ya sabini, wazaliwa wa hapa hapa, kadi za kupigia kura mfukoni, na karatasi za uraia za baba zao zimetiwa kwenye plastiki na kufungiwa sandukuni. Walikuwa wanazungumza Kirundi, kwa sauti ya chini. Siku nyingine vijana hao huzungumza Kiswahili cha mjini na kutaniana kwa majina ya wachezaji mpira. Jambo hilo peke yake lilimtosha Spesiosa. Kijana akirudia lugha ya bibi yake ili kupanga kitu, kitu hicho si harusi.

"Lile gogo limekauka vizuri," mmoja alikuwa anasema. "Halihitaji hata petroli nyingi."

"Na kibanda cha mawese cha baba yake Gasper, Mzee Jeremia, kiko hatua kumi tu kutoka pale."

"Na yeye mwenyewe hulala humo siku za kukamua."

Spesiosa aliwapelekea chai, akasimama mpaka kila mmoja amenyanyua kikombe. "Mmesema nini kuhusu Mzee Jeremia?"

"Hatujasema kitu, mama."

"Jeremia ni jirani yangu miaka thelathini na moja. Mkewe Verediana ndiye aliyemkata kitovu huyu Alphonce. Mnywe chai mwende kwenu."

"Na mkono huu?" Alphonce aliuliza. "Nao niuambie uende kwao?"

Spesiosa alikuwa amebebwa mgongoni mwa mama yake kuvuka mpaka akiwa na miaka minne, na katika yote ya kule kitu alichokikumbuka vizuri ni wanaume wachache wamechuchumaa nyuma ya nyumba, wanaongea kwa sauti ya chini hivi hivi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Leodgar, alifika kesho yake asubuhi. Alisimama mbali, chini ya michikichi, barakoa imening'inia kidevuni.

"Mwakeye," alisalimia.

"Mwakeye, mwenyekiti. Karibu ndani."

"Ndani siku hizi hatuingii. Naongea hapa hapa." Alijikuna shingo. "Mama Alphonce, ziko njia mbili. Mkienda polisi, Gasper atafungwa, na wenzake wataanza kuuliza nani hapa ana karatasi na nani hana. Nyinyi mnazo, najua. Lakini si wote mnaofahamiana nao wanazo."

"Na njia ya pili?"

"Mtungi. Jeremia mwenyewe amenifuata jana, amekubali kosa la mwanawe. Ndizi anazo zimeshaiva. Jumamosi saa sita mchana, uani kwangu."

Kwa Waha, wenyeji wa pale, na kwa Warundi jambo hilo halihitaji maelezo mengi. Aliyekosa huleta urwarwa, pombe ya ndizi, katika mtungi mmoja wenye mrija mmoja. Hunyonya yeye kwanza, watu waone hakuna kitu kibaya ndani, kisha humkabidhi mkubwa wa nyumba iliyokosewa mrija ule ule bila kuupangusa. Kuupangusa ni tusi. Yule akinyonya, mrija hurudi kwa mwenye mtungi, halafu huzunguka kwa wazee wote mpaka pombe iishe, na siku hiyo ugomvi hufa. Kuukataa mrija ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba ni mtia sumu, na baada ya hapo hakuna mzee atakayekubali tena kukaa katikati yenu.

Leodgar alipoondoka, Alphonce alitoka ndani na mkono wake umening'inizwa kwa kanga ya mama yake.

"Nimesikia," alisema. "Baba akinyonya, nimemaliza. Nitawaambia na wenzangu wamalize. Asiponyonya, Jumamosi hiyo hiyo tunajua la kufanya."

"Baba yako atanyonya," Spesiosa alisema.

Ndani, mumewe, Mzee Nizigama, akakohoa.

Alikohoa Jumatatu, akasema ni vumbi. Alikohoa Jumanne, akasema ni moshi wa kuni mbichi. Wiki iliyotangulia alikuwa amekwenda maziko ya rafiki yake huko Rusimbi, akarudi anasifu wali waliopewa. Jumatano alishindwa kupanda kile kimlima cha kwenda shambani, akakaa njiani kwenye jiwe kana kwamba alipanga kukaa pale.

Spesiosa alimchemshia nyungu: majani ya mwarobaini, mchaichai, maganda ya limau na tangawizi. Alifunga mlango na dirisha ili harufu isitoke, akamfunika mumewe blanketi juu ya sufuria. Siku zile kila nyumba ilijifukiza, wagonjwa na wazima. Lakini mzima hujifukiza uani huku anapiga soga. Anayejifungia ana lake.

"Mzee, una nini?"

"Sindwaye," alijibu kutoka ndani ya blanketi. Siumwi.

"Hiyo ni siku ya tatu."

"Sindwaye, mama. Hebu ongeza maji."

"Jumamosi utashika mrija, utanyonya, utamrudishia Jeremia. Naye ana kifua kile cha siku zote. Leodgar ana sukari. Na Mzee Gervasi atakayefuata, umri wake unaujua."

"Nitajizuia nisikohoe. Nimezuia njaa maisha yangu yote, nitashindwa na kikohozi cha dakika tano?"

"Siongei habari ya kukohoa."

"Najua unaongea habari ya nini." Alijifunua. Uso wake ulikuwa umelowa, na macho yamekuwa madogo. "Nikisema naumwa, kesho watasema Warundi wameleta korona. Watatuwekea kizuizi cha pili hapa mlangoni. Na mwanao atachoma mtu. Nikinyonya, pengine hakuna atakayeugua. Pengine. Wewe ungechagua lipi?"

Alirudi chini ya blanketi bila kungoja jibu.

Alhamisi Spesiosa alikwenda zahanati na chupa ya mawese mkononi, ionekane kama ameenda kuuza. Muuguzi pale alikuwa Yasmini, binti wa Ujiji, aliyevaa barakoa ya kitenge juu ya ushungi wake na ambaye kwa wiki tatu alikuwa ameomba glavu wilayani bila kuletewa.

"Shikamoo, Mama Alphonce. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mkono unaendelea vizuri. Kuna mtu kaniuliza kitu, nikasema nikuulize wewe."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Anakohoa siku nne. Akipanda mlima pumzi inakata. Nyama na maharage anaona vyote havina ladha."

Yasmini aliacha kuandika. "Huyo mtu ana miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Na huyo mtu anakwenda Jumamosi kwenye mtungi kwa mwenyekiti?"

Spesiosa alitazama chupa yake ya mawese.

"Mimi sina kipimo," Yasmini alisema polepole. "Siwezi kusema ni korona, siwezi kusema si korona. Lakini nikwambie, mama. Mrija ule ukitoka kwake ukaingia kwa wazee sita, mimi hapa nina mtungi mmoja wa oksijeni, na hata huo una uvujaji. Mwambie mwenyekiti watumie vikombe. Kila mtu na chake."

Spesiosa alikwenda moja kwa moja kwa Leodgar. Hakumtaja mumewe. Alisema tu kwamba muuguzi ameshauri vikombe.

"Vikombe ni vya baa," Leodgar alisema. "Nikiwagawia vikombe, hapo nimepatanisha au nimefungua kilabu?"

Kufika jioni habari ya vikombe ilikuwa imeshafika kwa Jeremia. Verediana alikuja mpaka kwenye mstari wa michikichi unaotenganisha mashamba yao, akaita kwa sauti ambayo kitongoji kizima kiliisikia.

"Mama Alphonce, tumesikia mnaomba vikombe. Ndizi nimezimenya kwa mikono hii hii. Kama mna wasiwasi na mikono yangu, semeni mapema, nisipoteze kuni."

"Hatuna wasiwasi, Mama Gasper."

"Basi vikombe vya nini?"

"Hatuna wasiwasi," Spesiosa alirudia. Nyuma yake, mlangoni, Alphonce alikuwa anasikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wazee sita walikaa kwenye mabenchi mawili, wanawake kwenye mikeka, vijana wa ulinzi wakasimama upande wa barabarani na wale saba wa Alphonce upande wa migomba. Kati yao ulikuwapo mtungi, umefunikwa jani la mgomba, na mrija umesimama katikati ya jani.

Nizigama alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kabla ya kutoka alikunywa asali na limau, akameza vidonge viwili vya maumivu, na njia nzima akatembea kama mtu anayebeba maji kichwani bila kata. Hakukohoa. Alipowasalimu watu kwa mbali, alisalimu kwa maneno machache, kila neno na pumzi yake.

Jeremia alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kifua kinachopiga filimbi kila anapoinama. "Mwanangu amemvunja mtoto wa jirani yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyevunja. Sina la kuongeza." Aliinama, akanyonya, koo likapanda na kushuka mara tatu, watu wote wakiona. Kisha akaushika mrija kwa vidole viwili, akauinamisha kumwelekea Nizigama.

Nizigama akaupokea.

Spesiosa aliutazama mrija ukipanda kwenye midomo ya mumewe. Aliwatazama wale vijana saba, ambao mabega yao yalikuwa yameanza kulegea. Ilikuwa imebaki pumzi moja tu, na yote yangekwisha: gogo, petroli, kibanda. Angerudi nyumbani, angepika, angelala.

Akajikuta amesimama. Alipita katikati ya mikeka, akanyoosha mkono na kuziba kwa kiganja tundu la mrija.

Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo pale. Hata kuku waliokuwa wanachakura chini ya benchi walionekana kusita. Kisha Verediana akasimama.

"Sema," alisema. "Sema mbele ya hawa wote. Nimetia nini?"

"Hujatia kitu, Mama Gasper."

"Basi ondoa mkono."

"Mume wangu anaumwa," Spesiosa alisema. "Ni siku ya sita leo. Anakohoa, pumzi inakata, chakula hakina ladha. Nimemficha. Tumemficha wote. Pombe yenu ni safi, midomo ya kwetu ndiyo sina hakika nayo."

Nizigama, aliyekuwa amekizuia kikohozi tangu asubuhi, alikiachia. Alikohoa akiwa ameinama, akashika goti, akakohoa mpaka koti likampanda mgongoni. Benchi moja lilianguka. Wazee ambao hawajakimbia miaka ishirini walikuwa kwenye ukingo wa ua kabla kikohozi hakijakwisha. Mtungi ulibaki peke yake katikati, pamoja na mume na mke, na Jeremia, ambaye hakuwa amesogea.

"Korona," alisema kijana mmoja wa ulinzi. "Si nilisema? Katonga. Si nilisema?"

"Alikwenda Rusimbi kwenye maziko," Spesiosa alisema. "Katonga hajafika tangu Krismasi." Lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza tena.

Jeremia aliinamisha kichwa, akamwangalia Spesiosa. "Ungenyamaza," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Ungenyamaza, saa hizi ungekuwa na amani yako."

"Ningekuwa na amani ya siku kumi, Baba Gasper. Siku ya kumi na moja ungeanza kukohoa wewe. Na watu wangesema mtungi ulikuwa wako lakini sumu ilikuwa yetu. Hapo nani angewazuia hawa?" Alionyesha kwa kidevu, upande wa migomba na upande wa barabarani, bila kubagua.

Jeremia aliokota jani la mgomba lililoanguka, akafunika mtungi.

Kabla jua halijazama, nyumba ya Nizigama ilikuwa imezungushiwa kamba ya katani yenye vipande vya kitambaa chekundu. Siku kumi na nne, Leodgar alisema kutoka mbali, asitoke mtu. Mlinzi wa kamba alichaguliwa Gasper, kwa sababu wenzake walikataa kukaa karibu na kwa sababu, Leodgar alisema, yeye ndiye aliyeanzisha.

"Umetuuza," Alphonce alimwambia mama yake usiku huo wa kwanza. "Walikuwa wanatuogopa kidogo. Sasa wanatuona uchafu."

"Wenzako wako wapi?"

Wale saba hakuna aliyekanyaga tena. Petroli iliyokuwa kwenye chupa ya maji iliishia kwenye pikipiki ya mmoja wao, aliyeamua kwenda kwa shangazi yake Kasulu mpaka mambo yapoe. Ghadhabu yao ilikuwa kwa rungu la Gasper. Kikohozi hakuna aliyejua akipige wapi.

Siku zilizofuata Spesiosa alijifunza vitu vidogo. Alijifunza kwamba mteja wa mawese anaweza kurudisha chupa aliyoinunua wiki mbili zilizopita, akaiweka chini mbali na kukimbia bila kudai pesa. Alijifunza kwamba dumu lake la maji lililosahaulika bombani lilisukumwa kwa mguu hadi mferejini, na kwamba jina jipya la nyumba yake lilikuwa "kambini". Maji aliyaleta Gasper. Aliyaweka kwenye kamba, akarudi hatua kumi, akageuka pembeni mpaka yachukuliwe. Siku tatu hawakusemeshana. Siku ya nne Alphonce ndiye aliyekwenda kuchukua.

"Dumu hili linavuja," alisema.

"Nitaleta jingine," Gasper alisema. Halafu akauliza, "Mkono unauma?"

"We unaonaje?"

"Sikukusudia kuvunja."

"Ulikusudia nini, kunibembeleza?"

Kesho yake Gasper alileta dumu lisilovuja.

Siku ya sita walikuja watu kutoka barabarani. Ilikuwa mchana, kiasi cha saa nane. Mnadani kulikuwa kumevuma kwamba watu watatu wamekufa mjini kwa siku moja, na kundi la watu kama ishirini, wengine Spesiosa hajawahi kuwaona, likaja hadi kwenye kamba. Aliyeongea alikuwa mwuza nguo za mitumba, mtu mwenye sauti ya kuitia wateja.

"Watolewe. Tunayo gari. Wapelekwe Nyarugusu, huko kuna hospitali ya wakimbizi. Watibiwe na wenzao."

Ndani, Nizigama alikuwa amekaa kitandani kwa kuwa akilala pumzi haipatikani. Alphonce alisimama nyuma ya mlango, panga katika mkono wake mmoja ulio mzima. Spesiosa alisimama nyuma yake na kumshika shati. Kupitia ufa wa mlango alimwona Gasper peke yake, na rungu lile lile.

"Mwenyekiti amesema asitoke mtu," Gasper alisema.

"Sisi ndio tunawatoa."

"Amesema asitoke mtu. Mkiwatoa, wametoka."

Mtu mmoja alicheka. Jiwe likarushwa, likapiga bati, likabingirika mpaka kwenye kingo za paa na kudondoka. Alphonce alisogea mbele, na Spesiosa akasikia uzi wa shati ukikatika.

"We kijana," alisema mwuza mitumba, "si wewe uliyemvunja huyo Mrundi? Leo umekuwa mlinzi wao?"

"Nilimvunja," Gasper alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na kila mtu aliisikia ikitetemeka. "Nikajua inavyosikika. Atakayevuka kamba nitamvunja na yeye, halafu baba yangu atalazimika kupika mtungi mwingine, na ndizi zimekwisha. Kwa hiyo msinisumbue."

Walikaa pale robo saa nzima, wakitukana, kisha jua likawachosha. Walipoondoka Gasper alikaa chini kando ya kamba. Alphonce alifungua mlango, akatoka mpaka kwenye kamba bila panga, akachuchumaa upande wake. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake, wakitazama barabara. Spesiosa hakusikia walichosema, kama kuna walichosema.

Mzee Nizigama alikufa siku ya tisa, asubuhi, baada ya kuomba uji na kabla haujapoa.

Yasmini alikuja na nguo ya plastiki na glavu alizonunua kwa pesa yake. Alimfunga mzee katika shuka mbili na nailoni, akasema hakuna mwingine wa kumgusa, na azikwe siku hiyo hiyo shambani kwake. Padri alituma ujumbe kwa simu. Leodgar alikuja mpaka chini ya michikichi, akavua kofia, akasema poleni, akasema anatafuta wachimbaji. Saa nne alisema anatafuta. Saa sita alisema hapati. Watu walikuwa na migongo iliyoteguka, majembe yaliyovunjika, safari za ghafla.

Alphonce alianza kuchimba kwa mkono mmoja. Udongo wa shamba lile mwezi wa tano mwishoni huwa umeshaanza kukaza. Alikuwa amefika magotini pale Spesiosa, aliyekaa mlangoni, alipowaona wawili wanakuja kutoka upande wa pili wa michikichi: Jeremia mbele, jembe begani, Gasper nyuma na sururu.

Watu walioshindwa kumaliza ugomvi hawachimbiani makaburi. Hilo nalo kila mtu pale alilijua. Spesiosa alisimama, hajui kama awazuie au awakaribishe, akashindwa yote mawili. Jeremia hakumuuliza. Aliinua kamba ya katani kwa mpini, akapita chini yake, mwanawe akafuata.

"Toka humo, upumzike," alimwambia Alphonce.

"Mzee, humu ndani kuna—"

"Humu hamna kitu bado. Toka."

Walichimba wao wawili, kwa zamu, na kifua cha Jeremia kikipiga filimbi kila jembe likishuka. Verediana alikuja na maji ya kunywa, akayaacha kwenye kamba, akabaki amesimama upande wa pili, kanga mdomoni. Kisha akakaa chini, pale pale, na Spesiosa akakaa upande wake, na wakalia, kila mmoja kwa sauti yake.

Kaburi lilipofika kifuani Jeremia alisita. Kwa kawaida marehemu hupimwa kwa fimbo, kichwa hadi kisigino, na fimbo hiyo huletwa kwa wachimbaji. Siku ile hakuna aliyeleta fimbo, na Yasmini alikuwa amekataa mtu kuingia ndani.

"Alikuwa na urefu gani, mzee wenu?" Jeremia aliuliza kutoka chini.

Alphonce alimwangalia. "Kama wewe. Pengine wewe umemzidi kidole."

Jeremia alifikiri kidogo. Akavua kofia, akampa Gasper, akajilaza chali ndani ya kaburi, mikono kifuani, kichwa upande wa mashariki. Alisogeza visigino, akagusa ukuta wa udongo kwa utosi. Spesiosa na Verediana walisimama kuangalia.

"Inatosha," Jeremia alisema kutoka kule chini, akitazama juu. "Hata kidole kimebaki." Alikaa, akapukuta udongo nywelani, akatafuta mahali pa kushika ili apande na hakupaona. Alphonce alipiga goti ukingoni, akamnyooshea mpini wa jembe kwa mkono wake mzima.

Jeremia akaushika.

"Vuta taratibu," alisema. "Mimi si kijana."